Kampuni Yangu na Paka wa Mwalimu

Mtu wa kwanza kunipigia simu baada ya kufungua kampuni alitaka nimtunzie ngamia saba. Alikuwa Liboi, mpakani, anajiandaa kwenda Umra, na mpwa wake alikuwa amemsomea tangazo langu kwenye simu. Nilimweleza kwa Kisomali, kwa adabu zote, kwamba huduma yangu ni ya wanyama wa nyumbani.

"Hawa ni wa nyumbani," akasema. "Wa nyikani ni twiga."

Nilimtakia Umra njema, nikakata simu, nikarudi kuitazama ile sentensi niliyoiandika juu kabisa ya tovuti yangu: Tunakaa na mnyama wako ukisafiri. Nilikuwa nimeipenda sana nilipoiandika Nairobi. Hapa Garissa, chini ya feni inayozunguka bila kuleta upepo, ilianza kunichanganya hata mimi. Wiki hiyo hiyo mtu wa Wajir aliniuliza, bila mzaha, "Mnakaa naye mkifanya nini?" Mwingine alinitumia picha ya mbuzi watatu, akauliza nawanunua kwa bei gani. Muuguzi mmoja wa kutoka bara alikuwa na mbwa, lakini kila niliyemwomba amweke yule mbwa alinitazama kana kwamba nimemwomba aweke moto chini ya kitanda.

Wazo lenyewe lilianzia Nairobi nilipokuwa nasomea kompyuta. Jirani yangu kule alikuwa na paka wawili, na kila akisafiri kuna msichana aliyekuja kukaa nao na kulipwa. Jambo hilo lilinishangaza, kisha likanivutia. Nikatengeneza tovuti: mwenye mnyama anajiandikisha upande huu, mtunzaji upande ule, mimi naunganisha. Nikaipeleka kwenye darasa la wajasiriamali vijana. Mmoja wa waliokuwa wakitupima aliniuliza, "Na huko kwenu Garissa kuna soko?" Nikamjibu kwamba kuna soko kubwa sana la mifugo. Alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, nikapewa nafasi. Mpaka leo sijui kama alidhani nimefanya mzaha. Sikuwa nimefanya mzaha. Nilikuwa sijaelewa swali.

Nikarudi nyumbani na kompyuta yangu na kadi za biashara. Mama alizigeuza geuza zile kadi mkononi.

"Hooyo," akaniita. Kwetu mama humwita mtoto jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye. "Watu watakulipa ukae na paka?"

"Ndiyo, hooyo."

"Na paka mwenyewe anajua?"

Nikasema hajui. Akanirudishia kadi, akaenda kutawadha.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Alitoka magharibi ya nchi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kumaliza sentensi zake kimoyomoyo. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba za walimu pamoja na paka dume wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeupe mkiani na sikio moja lenye pengo dogo, kama limekatwa na mkasi. Mama yake mwalimu alikuwa mgonjwa kijijini, na likizo ya Aprili ilikuwa imefika. Alijaza fomu yangu yote, hata sehemu ambazo nilidhani hakuna mtu angezijaza. Kwenye "tabia za mnyama" aliandika: Hapendi kuitwa. Tikisa mkebe wa omena, atakuja.

Mtunzaji nilikuwa naye mmoja tu, shangazi yangu, dada yake baba, ambaye kwa lugha yetu namwita eeddo. Alikuwa mjane, watoto wake wameshaoa na kuolewa, na ua wake wa mabati ulikuwa mkubwa na kimya. Nilimwandikisha kwenye tovuti mwenyewe, maana yeye simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Alikubali kwa sababu paka ni msafi, huweza kulala hata kwenye mkeka wa kuswalia na usipate tabu. Mwalimu alimleta kwenye katoni, akampa eeddo mkebe wa omena, wale dagaa wa ziwani. Eeddo aliufungua, akaunusa, akaufunga haraka.

"Mwalimu, wewe enda salama," akamwambia kwa Kiswahili chake, ambamo paka ni "baka". "Baka iko sawa. Itakula, italala. Mama yako Mungu atabonya."

Mwalimu alishukuru kwa mikono miwili. Alipotoka tu, eeddo akaupeleka mkebe nyuma ya choo, na paka akaanza maisha mapya ya maziwa ya ngamia na vipande vya nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli.

Siku kumi na moja mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kujiona mtu. Kila asubuhi nilipita kwa eeddo, nikampiga paka picha, nikamtumia mwalimu. Alijibu kila mara kwa maneno yale yale: Asante. Mama anaendelea vivyo hivyo.

Siku ya kumi na mbili eeddo alinipigia kabla sijamaliza chai.

"Eeddo," akaniita kama ninavyomwita, "baka yenu iko wapi?"

Niliposikia ameniuliza kwa Kiswahili nikajua kuna jambo. Kiswahili kwake ni lugha ya ofisini, ya mambo yaliyoharibika.

Paka hakuwepo. Tulimtafuta darini, kisimani, kwa majirani wote wa ile bulla, mtaa mzima. Nyuma ya ua wa eeddo kuna kichaka cha mathenge, ule mti wa miiba ulioenea kila mahali, na humo hakuna mtu anayeingia akatoka na nguo nzima. Niliingia. Nilitikisa mkebe wa omena mpaka mkono ukafa ganzi. Walikuja paka wanne, kuku mmoja na ngiri aliyenitazama kwa dharau, lakini paka wa rangi ya chungwa hakuja.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikulifikiria vizuri. Nilikuwa na picha nyingi za siku zilizotangulia, zilizofanana. Nikachagua moja, nikamtumia mwalimu kama ya siku hiyo. Kesho yake nikatuma nyingine. Sikujiona ninadanganya. Nilijiambia natafuta muda, paka atarudi leo, na picha itakuwa imetangulia tu. Siku ya tatu nilitafuta picha ambayo mwanga wake unalingana na mawingu ya siku ile, na nilipojikuta nafanya hivyo nikaiweka simu chini, nikashindwa kujielewa.

Mchana wa siku hiyo eeddo akapiga tena. "Amerudi."

Nilikimbia. Juu ya ukuta wa jikoni alikuwa ameketi paka dume wa rangi ya chungwa, ncha ya mkia nyeupe, sikio moja lina pengo, anakula nyirinyiri kana kwamba hakuna lililotokea. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Nikatoa simu nimpige picha, na nilipomtazama kupitia kioo cha simu nikasita. Pengo lilikuwa kwenye sikio la kulia. Nilikumbuka la kushoto.

Nikafungua picha za zamani. Katika zile nilizopiga mwenyewe, masikini mimi, paka alikuwa kila mara amelala ubavu, au amegeuka, au sikio limefichwa na kivuli cha bakuli. Picha moja tu ilionyesha masikio yote mawili: ile ambayo mwalimu aliituma kwenye fomu, amejipiga mwenyewe, paka kifuani. Pengo lilikuwa upande wa kulia wa paka. Lakini kamera ya mbele ya simu nyingine hugeuza picha kama kioo, na ya nyingine haigeuzi. Nimesomea mambo haya miaka minne, nina cheti, na nilikaa kwenye kigoda cha jikoni kwa shangazi yangu nikiwa siwezi kusema kulia ni wapi na kushoto ni wapi.

"Eeddo, huyu ndiye?"

"Niliomba Mungu anirudishie paka, akanipa paka," akasema. "Sikumuuliza ni yupi."

"Lakini alikujaje?"

"Kwa miguu."

Nilikuwa bado nimeshika simu ilipolia. Alikuwa mwalimu. Nikajiandaa kumweleza kila kitu. Nilikuwa hata nimefungua mdomo.

"Dada," akasema, "mama ametutoka asubuhi hii." Kisha akauliza, "Huyo paka hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Mwalimu alikaa kwao wiki tatu zaidi. Aliporudi, muhula ulikuwa umeshaanza. Alikuja kwa eeddo jioni moja, amekonda, amenyoa nywele zote. Eeddo alimkalisha, akampa chai ya maziwa, akamwombea marehemu kwa Kisomali, na mwalimu akaitikia amina mahali pote panapostahili ingawa hakuelewa neno. Kisha paka akaletwa. Mwalimu alimpakata, akamtazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama mkeka.

"Amenenepa," akasema.

"Maziwa ya ngamia," nikasema.

Akamtia kwenye katoni, akaondoka naye.

Nilitegemea kujisikia nimepumzika. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyetoka nyumbani na kuacha jambo fulani, asikumbuke ni lipi. Kwenye tovuti mwalimu aliniandikia maoni mazuri sana, ya kwanza na ya pekee, na kwa sababu yake wateja wengine wawili walikuja: daktari mwenye kasuku, na familia ya mfanyakazi wa shirika iliyokuwa na paka mweupe kiziwi. Kampuni ilikuwa inasimama. Nilikuwa nikisoma yale maoni, nikayafunga, nikayasoma tena. Yalisema: Alimtunza kama wake. Sikujua "wake" ni yupi.

Siku kumi na tano baadaye eeddo aliniita niende haraka. Hakutaka kusema kwenye simu.

Mlangoni pake, kwenye kivuli kidogo kilichobaki asubuhi ile, alikuwa amelala paka dume wa rangi ya chungwa. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Miiba ya mathenge ilikuwa imemchana uso na miguu. Ncha ya mkia ilikuwa nyeupe, au ingekuwa nyeupe akioshwa. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

Eeddo alikuwa ameshamwekea maziwa. Tulisimama pale wawili, tukimtazama akiyalamba. Kisha eeddo akanigeukia.

"Sasa utafanyaje, mwenye kampuni?"

Sikujua, lakini nilijua siwezi tena kutuma picha. Nikamtia yule mgonjwa kwenye katoni, nikaita bajaji, nikaenda shuleni. Nilimkuta mwalimu nyumbani kwake, anasahihisha madaftari, na yule aliyerudi kwanza, yule mnene, amelala juu ya lundo la madaftari yaliyokwisha sahihishwa. Niliweka katoni sakafuni, nikaeleza yote nikiwa nimesimama: siku ya kumi na mbili, mathenge, picha za zamani, sikio la kulia, simu yake ya msiba. Nilieleza vibaya. Nilirudi nyuma, nikaruka mbele, nikachanganya siku. Nilipomaliza nikafungua katoni.

Mwalimu hakukasirika. Ningeelewa kama angekasirika. Alichukua mkebe wa omena kwenye rafu, akautikisa. Paka wote wawili wakainua vichwa, wakamwendea, mmoja akiruka kutoka mezani, mwingine akichechemea. Akauweka mkebe chini. Wakala pamoja, wakinguruma kidogo.

"Walikuja wote," nikasema.

"Ni omena," akasema. "Hata mimi ningekuja."

Nikamuuliza lile swali ambalo lilikuwa limeninyima raha wiki zote zile. "Mwalimu, ile picha ya kwenye fomu, simu yako hugeuza?"

Alifikiri. "Ile simu niliiacha nyumbani, kwa kaka yangu. Sijui kama iligeuza."

"Lakini wewe uliishi naye miaka miwili. Hukujua ni sikio gani?"

Akaketi. Alikuwa na ile tabia yake ya kumaliza sentensi kimoyomoyo, lakini siku hiyo alijitahidi kuzitoa zote.

"Nilipomchukua kwa shangazi yako niliona ana kitu tofauti," akasema. "Macho, uzito, sijui. Lakini dada, nilikuwa nimetoka kumzika mama. Niliporudi hapa hata kitanda kilikuwa kifupi. Chai ilikuwa na ladha nyingine. Wanafunzi walikuwa wananiita, nageuka, nadhani wanamwita mtu. Nikasema, kama kila kitu kimebadilika, kwa nini paka asibadilike? Sikudhani ni yeye. Nilidhani ni mimi."

Nilisimama pale mlangoni na mikono yangu mitupu. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na sasa sikujua niuombe kwa lipi. Kama paka mnene ndiye wake, basi sikumkosea sana. Kama sivyo, basi nilimpa mtu aliyefiwa mnyama asiyemjua, naye akamkumbatia akidhani akili yake ndiyo iliyopotea. Na wote wawili tuliokuwa mle chumbani hatukuwa na njia ya kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea. Nikasema tu, "Nisamehe, mwalimu." Akasema, "Hakuna neno," lakini alisema akitazama paka.

Tukakubaliana mgonjwa arudi kwa eeddo mpaka apone. Alipona. Mwisho wa muhula alikuwa mnene kama mwenzake, na eeddo alikuwa amekwisha acha kumwita "baka ya mwalimu"; sasa alimwita "baka yangu". Mimi nilibadilisha fomu yangu. Sasa kila mnyama anapigwa picha sita kwa kamera ya nyuma, mbele ya mtunzaji na mwenye mnyama, na nikiwaambia wateja kwamba lazima masikio yote yaonekane, wanadhani mimi ni mtaalamu.

Mwezi wa Novemba mwalimu alipata uhamisho wa kurudi kwao. Alikuja kuaga Ijumaa asubuhi, na katoni mkononi. Eeddo alitandika mkeka uani. Mwalimu akamwachilia paka wake, na wale wawili wakanusana, wakaenda kulala kwenye kivuli kimoja, kila mmoja na pengo lake, huyu kulia, huyu kushoto.

"Ninaweza kusafiri na mmoja tu," mwalimu akasema. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye kampuni. Niambie nimchukue yupi."

Nilitazama paka. Nilimtazama eeddo. Nilikuwa na tovuti, kadi, mafunzo ya Nairobi, na hakuna hata kimoja kilichosema ni yupi.

"Chukua ile umesoea," eeddo akasema. "Ile umelala naye, umekula naye. Hiyo ndiyo yako."

Ilikuwa busara, na mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Alisimama, akaenda kwenye kivuli, akainama kwa muda. Kisha akamwinua yule wa pengo la kushoto, yule aliyetoka miibani, ambaye hakuwahi kuishi naye hata siku moja tangu msiba. Akamtia kwenye katoni. Hakueleza. Nilidhani amekosea, nikataka kumwambia, kisha nikamwona uso, nikamsaidia kufunga katoni. Eeddo aliingia jikoni na kufunga mlango, ingawa saa ile hakukuwa na kitu cha kupika.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Alikaa dirishani, katoni mapajani. Utingo alipita akikagua mizigo, akagonga katoni kwa kidole.

"Ndani kuna nini, mwalimu?"

"Paka."

"Paka wako?"

Mwalimu alinitazama kupitia dirisha. Sijui alitaka nini kwangu. Pengine hakutaka kitu. "Ndiyo," akasema, na utingo akaendelea na mwingine, basi likatoka, likaelekea darajani.

Nilirudi kwa eeddo kwa miguu, juani. Nilimkuta ameketi uani mbele ya yule aliyebaki, bakuli la maziwa limejaa, halijaguswa.

"Hajala tangu asubuhi," akasema. "Wewe umesomea. Tufanyeje?"

Nilimwambia tungoje. Tukangoja pamoja mpaka adhana ya alasiri. Eeddo aliporudi kutoka kuswali, bakuli lilikuwa nusu. Akaniuliza kama nimemwona akila. Nilikuwa nimekaa pale pale muda wote, macho kwenye sikio lake, na sikuwa nimeona kitu.